Mjomba Posta Anajibu: Davros wa mikono miwili na kanda za marehemu baba

Mwezi uliopita niliropoka sentensi moja tu, kwamba chumba changu cha nyuma hapa Coventry hakiingiliki kwa vitu vya Doctor Who. Kumbe nimechokoza nyuki. Miaka thelathini na mbili nimewapelekea watu barua zao, sasa naona zimeamua kunirudia kwa mpigo.

Kwa ambao hamkijui kipindi chenyewe: kilianza kuonyeshwa na BBC Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Kinamhusu msafiri wa zama na sayari aitwaye Daktari. Chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza, kwa ndani ni kikubwa kuliko msikiti wa Ijumaa. Mwigizaji akichoka, Daktari hubadilika mwili, mwingine akapokea kijiti. Ndiyo maana kimedumu, na ndiyo maana nyumba zetu hazina pa kukanyaga.

Shikamoo Mjomba Posta. Mume wangu amerudi na kasha kutoka lile soko la Jumapili ambako watu huuza vitu kwenye buti za magari. Ndani mna sanamu ya Davros, yule aliyewaunda Dalek, maadui wakubwa wa Daktari, ana mikono miwili. Mwanangu wa miaka tisa anasema Davros ana mkono mmoja. Mna pia mbwa wa bandia K-9, rangi ya kijani, na meza ya mitambo ya TARDIS yenye pande tano. Shemeji yako katoa pauni 40. Kaibiwa? – Mama Mwenye Mashaka, Leicester

Marahaba, dada. Mwanao anasema kweli, na mumeo hajaibiwa. Vyote viwili vinawezekana.

Hivyo ni vitu vya Dapol, kampuni iliyoanza kutoa sanamu ndogo za Doctor Who mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwenye televisheni Davros ana mkono wa kulia tu, K-9 ni kijivu, na meza ya mitambo ina pande sita. Wao wakatoa Davros wa mikono miwili, mbwa wa kijani, na meza yenye upande pungufu. Baadaye walitoa Davros mwenye mkono mmoja na K-9 wa kijivu, lakini wa mwanzo walikuwa wameshafika madukani na mifukoni mwa watoto. Kwa toleo hilo, kosa ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Kwa hiyo msirekebishe kitu. Nilikuwa na mwenzangu pale tulipokuwa tunachambua barua, akachukua rangi ya magari ya kuchezea akampaka K-9 wake kijivu, akaja kunionyesha kwa fahari kama mtu aliyetahirisha mtoto. Sikuwa na la kusema. Mbwa alikuwa amependeza, na alikuwa amekwisha.

Zaidi ya hapo, ondoa hivyo vitu dirishani, maana jua hugeuza plastiki nyeupe ikawa kama jino la mvuta tumbaku. Usifunge kitu chochote kwa mpira wa kufungia pesa, kwa sababu mpira huyeyuka ukang'ang'ania pale ulipo. Ukiona sanamu ya plastiki laini imeanza kunata mkononi, hiyo si uchafu. Ni mafuta yaliyotiwa kuilainisha yanatoka. Iweke mahali pa baridi na pakavu, na isigusane na nyingine. Mpe mtoto hiyo meza ya pande tano aichezee. Amestahili, kagundua mwenyewe.

Mjomba, nataka kufuma skafu ya Daktari wa nne. Urefu gani ndio sahihi? – Sindano Mbili, Bristol

Wowote, mwanangu. Mwaka 1974 mbunifu wa mavazi James Acheson alimpelekea mfumaji aitwaye Begonia Pope lundo la nyuzi za rangi mbalimbali ili achague za kutumia. Bibi yule akafuma zote. Tom Baker alipoivaa ilikuwa inaburuta chini hata ikizungushwa shingoni, wakaipenda vivyo hivyo. Basi wewe fuma mpaka nyuzi ziishe. Ukiifua, ilaze juu ya taulo. Ukiianika kwenye kamba itarefuka yenyewe, nayo haitakuuliza.

Nimepata picha ya Patrick Troughton yenye saini yake, muuzaji anasema ni halisi kabisa. Nitajuaje? – Mwenye Haraka, Luton

Haraka yako ndiyo mtaji wa muuzaji. Nakusimulia yangu, kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua picha ya Troughton, Daktari wa pili, kwa mtu ambaye nitamwachia Mungu. Picha nzuri, wino wa bluu, saini imelala upande, na chini yake maneno ya kumtakia mtu heri na tarehe: Juni 1987. Niliitundika ukutani miezi minane. Siku moja nilikuwa nakunywa chai nikiitazama tu, nikahisi mwili umepoa. Troughton alifariki tarehe 28 Machi 1987, huko Columbus, Georgia, nchini Marekani, akiwa amealikwa kwenye mkutano wa mashabiki. Mimi, ninayejidai kujua, nimetundika ukutani saini ya mtu aliyeandika akiwa kaburini.

Kwa hiyo anza na kalenda kabla hujatazama mwandiko. William Hartnell, Daktari wa kwanza, alifariki Aprili 1975, kwa hiyo picha yake kwenye karatasi ya juzijuzi haihitaji mtaalamu. Kisha chukua lenzi ya kukuzia. Wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na hupishana pale mistari inapokatana, ila saini iliyochapwa kiwandani ni vidoto vidogo vilivyojipanga. Kadi nyingi za matangazo zilitoka na saini ya kuchapwa. Hazina ubaya, alimradi ulipe bei ya kadi.

Nimeuza TARDIS yangu kubwa kwa mtu wa Aberdeen. Niifunge vipi? – Muuzaji Mpya, Slough

Hapa umefika kwangu. Kasha ndani ya kasha. La ndani lisicheze hata kidogo, la nje liwe na nafasi ya upana wa vidole vinne kila upande, uijaze karatasi iliyokunjwa mpaka ikatae kubonyea. Toa betri. Taa ya juu ya kibanda ndiyo huvunjika kwanza, iviringishie kitambaa. Ukimaliza, tikisa. Ukisikia sauti, rudia. Na usiamini maandishi ya "kivunjikacho", nimeyabeba miaka mingi naujua uzito wake.

Shikamoo. Nina miaka kumi na saba, nimeanza na vipindi vya kuanzia 2005. Nataka kujiunga na chama cha mashabiki lakini naogopa wazee watanicheka kwa kutojua vya zamani. – Mgeni, Cardiff

Marahaba mwanangu. Watakucheka kidogo. Halafu watakupa kiti, biskuti, na hotuba ya saa mbili ambayo hukuiomba.

Chama kikubwa cha mashabiki Uingereza, Doctor Who Appreciation Society, kilianzishwa mwaka 1976, ingawa hata mwaka 1965 kulikuwa na kikundi kilichokuwa kikimshabikia Hartnell. Agosti 1977 kikafanya mkutano wake wa kwanza wa mashabiki huko Battersea, London. Jambo moja uwekee akiba. Mwaka ule wa 1976 ilionyeshwa hadithi iitwayo The Deadly Assassin, na kiongozi wa chama akaandika tathmini ya kuichana vipande, akilalamika kwamba kipindi kimepoteza mvuto wake. Leo hadithi hiyohiyo inahesabiwa miongoni mwa bora za enzi ya Tom Baker. Kwa hiyo mzee akikuambia vya siku hizi si kitu, muulize kwa adabu aliionaje The Deadly Assassin siku ya kwanza.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa Birmingham mwaka 1986, chumba cha juu cha baa, mimi peke yangu mweusi na peke yangu ninayekunywa maji ya machungwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na koti la baba. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Swali la kwanza mlangoni lilikuwa Daktari wangu ni yupi. Nikasema Tom Baker, nusu ya chumba wakapiga makofi, nusu wakaguna, na kuanzia hapo nikawa mtu wa pale.

Kipindi kilikatika Desemba 1989. Ukiacha filamu moja ya televisheni ya mwaka 1996, hakikurudi mpaka Machi 2005. Katika miaka hiyo waliokishikilia ni watu wa vyumba kama kile, kwa riwaya, kwa michezo ya kusikiliza, kwa majarida ya kurudufu yaliyobanwa pini kwa mkono. Russell T Davies, aliyekirudisha 2005, alikuwa ameandika mojawapo ya riwaya hizo mwaka 1996. Na Peter Capaldi alikuwa na miaka kumi na mitano tu, mwaka 1974, barua yake ya kukisifu kipindi ilipochapishwa katika Radio Times, jarida la ratiba za vipindi. Mwaka 2013 akawa Daktari mwenyewe. Kwa hiyo kaa vizuri na watu kwenye huo mkutano, hujui umekaa karibu na nani. Hata wao hawajui wamekaa karibu na nani.

Mjomba, mimi na kaka yangu tunagombana. Yeye hununua kila sanamu mbilimbili, moja anafungua, moja anaiacha kwenye kasha lake "kama akiba ya uzeeni". Mimi naona ni upuuzi. Tuamulie. – Mdogo Mtu, Reading

Naamua upande wako, ila si kwa sababu unayoifikiria.

Tulifika nchi hii mwaka 1979, mimi nina miaka kumi na mmoja na maneno ya Kiingereza labda sitini. Oktoba ya mwaka huo likatoka jarida la Doctor Who Weekly, toleo la kwanza, peni 12, na ndani zawadi ya bure: karatasi ya picha za kubandika kwa kusugua. Ukiweka karatasi juu ya kitu ukaisugua kwa penseli, picha inahamia pale. Niliisugua siku hiyohiyo, zote, kwenye mlango wa friji. Mama alinichapa kwa mwiko. Ile friji ilitupwa mwaka 1991 ikiwa na Dalek mmoja bado mlangoni, ubavu umechubuka.

Leo toleo lile likiwa na karatasi yake haijaguswa, wakusanyaji hulitolea pesa ya maana kuliko lisilo nayo. Kwa nini? Kwa sababu ya watoto kama mimi. Tulizimaliza. Hakuna aliyetuambia ni akiba. Sasa kaka yako anataka apate faida ileile kwa kitu ambacho kila mnunuzi mwenzake, kama yeye, anakiweka darini kikiwa kimefungwa. Siku watakapoamua kuuza wote watakutana mlangoni. Kitu huadimika kwa kutumiwa, naye na wenzake wamegoma kukitumia.

Vya kwangu vya thamani vimechakaa vibaya. Nina rafu mbili za vitabu vya Target, vile vya kusimulia upya hadithi za televisheni vilivyoanza kutoka mwaka 1973. Zama hizo hakuna kanda za kununua na marudio ni machache, kipindi kikipita mara nyingi kimepita, kitabu ndiyo njia ya kukiona tena. Terrance Dicks aliandika zaidi ya sitini. Sentensi zake fupi, vitenzi vyake vinafanya kazi, na kila TARDIS inapotua inatua kwa maneno yaleyale. Mtoto mgeni anahitaji nini zaidi? Mwalimu wangu alinifundisha salamu, Dicks akanifundisha Kiingereza. Migongo ya vitabu imepasuka, kimoja kina doa la mchuzi ukurasa mzima. Muuzaji mmoja alivitazama akaniambia vyote pamoja havifiki pauni kumi na tano. Nilifurahi, maana sasa hakuna atakayeniibia.

Assalamu alaykum Mjomba. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuja London kusoma mwaka 1965. Katika vitu vyake tumekuta kanda tatu za sauti, zile za magurudumu, moja imeandikwa "Dr Who, Nov. 67". Jirani ana mashine ya zamani, tukajaribu dakika chache. Inasikika televisheni, muziki, watu wanabishana, na katikati mama yangu anasema: "Zima hiyo, chai inapoa." Jirani anasema kuna sehemu zilizopotea zenye thamani kubwa. Je, hizi ni mojawapo? Na anaweza kuisafisha ile sauti ya mama itoke? – Binti wa Msomi, Southall

Wa alaykum salaam, binti yangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nianze na zilizopotea. Kanda za video za miaka ile zilikuwa ghali, na mikataba na waigizaji iliweka mipaka ya kurudia kipindi, basi BBC ikawa inazifuta ili irekodi vingine juu yake. Nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuza nje nazo zikatupwa nyingi. Uharibifu huo haukukoma mpaka mwaka 1978. Miaka sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 253.

Tangu hapo zimekuwa zikirudi mojamoja, kwa njia za ajabu. Pasaka ya 1983 nilikwenda Longleat, Wiltshire, kwenye sherehe ya miaka ishirini. Watu walikuja makumi ya maelfu, foleni ikawashinda waandaaji. Mashabiki waliulizwa pale wangependa hadithi gani itoke kwanza kwenye kanda ya kununua. Wakajibu The Tomb of the Cybermen. Haikuwepo, ilikuwa imefutwa. Basi ikatoka Revenge of the Cybermen, pauni 39.95, bei ambayo baba yangu aliisoma kwa sauti mara mbili halafu akarudisha kasha mahali pake. Miaka tisa baadaye, 1992, Tomb nzima ikarudi kutoka Hong Kong. Mwaka 2011 zikatangazwa sehemu mbili zilizokuwa kwa mtu aliyezinunua kwenye tamasha la shule miaka ya 1980, bila kujua kwamba hakuna mwingine duniani aliyekuwa nazo. Na mwaka 2013 tisa kwa pamoja, kutoka chumba cha stoo cha kituo cha televisheni Jos, Nigeria. Baada ya hizo, hesabu ya zilizopotea ikasimama kwenye 97.

Lakini hizo ni picha. Kanda ya baba yako ni sauti, na sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Ipo kwa sababu ya watu kama baba yako. Vijana waliweka maikrofoni mbele ya televisheni wakawaomba wazazi wanyamaze, wengine wakaunganisha waya moja kwa moja kwenye seti. Hawakuwa na ruhusa wala mpango, walitaka tu kusikia tena. Kanda hizo ndizo zilizokuja kutolewa kwenye diski, ndizo zinazosikika chini ya michoro iliyotengenezwa kuanzia 2006 kuziba mapengo.

Novemba 1967 The Abominable Snowmen ilikuwa inaisha na The Ice Warriors inaanza. Kwenye ya kwanza wako kwenye monasteri milima ya Himalaya, ya pili imejaa barafu na kompyuta inayosema. Ukisikiliza utajua. Zote mbili zina rekodi za mashabiki zilizo safi kuliko yako, nasema hivi ili usiote pesa. Hata hivyo kiandikie chama, uwaambie unacho nini. Wakati mwingine sekunde tatu zilizokatika kwenye kanda moja hupatikana kwenye nyingine.

Jirani asiicheze tena. Kanda ya umri huo inaweza kukatika pale ilipoungwa, na mashine isiyosafishwa vichwa huikwaruza. Tafuta mtu anayehamisha kanda za magurudumu kwenda kwenye kompyuta, mwambie acheze kwa kasi sahihi, asiizungushe mbio, na akupe nakala isiyoguswa kabla ya kurekebisha chochote. Kasha lisimame wima kama kitabu, mbali na spika. Na fungueni zile kanda mbili nyingine kwa uangalifu: mkikuta si kanda ya kahawia bali filamu yenye matundu pembeni na harufu ya siki, msiiweke kwenye mashine yoyote, nipigieni usiku wa manane nikiwa nimelala.

Sasa ile sauti. Kuitoa inawezekana, ziko programu za kufanya hivyo. Usiruhusu. Daktari akibishana na askari wa barafu tunaye, tunaye kwa nakala nyingi. Mwanamke akiita kwa Kiswahili chumbani London, Jumamosi jioni, Novemba 1967, chai ikiwa mezani, yuko kwenye kanda moja tu. Na sikiliza vizuri kinachofuata, maana hukuniandikia: baba alizima, au aliacha iendelee?

Chukua penseli, si kalamu ya wino. Andika juu ya kasha tarehe, anwani ya nyumba ile kama mnaikumbuka, jina kamili la mama, na maneno aliyosema.